Namna ya kuwatambua moluska maji yakipwa

Nenda siku za bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Unguja na Dar es Salaam, siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa 4 au 5 asubuhi. Ingia mwambani saa moja kabla, na viatu vya soli ngumu. Jiwe ulilolipindua lirudishe lilivyokuwa: mayai yaliyo chini yake hufa kwa jua.

Moluska ana mwili laini na joho, yaani ngozi inayojenga gamba kwa chokaa. Anza kwa kuhesabu magamba.

Likiwa moja, mara nyingi la kujisokota, huyo ni konokono, kundi kubwa kuliko yote. Mtazame kauri angali majini: joho lake hupanda kutoka pande zote mbili hadi likafunika mgongo, ndiyo maana gamba linang'aa bila kusuguliwa. Mguse kidogo, litarudi ndani polepole. Koa wa bahari ni ndugu yake, ila gamba hana.

Mawili yenye bawaba ni chaza, kome na kombe. Hawa hawana kichwa. Huchuja chakula majini kwa matamvua. Chaza tafuta kwenye mizizi ya mikoko, kombe mchangani.

Manane yaliyopangana kama vigae mgongoni ni kitoni, aliyegandamana na jiwe. Usimbandue kwa kisu, utampasua mguu.

Pweza hana gamba kabisa, ana mikono 8. Ngisi na dome wana 10. Gamba la dome limo mwilini: ndicho kile kipande cheupe, chepesi, kinachookotwa ufukweni.

Wengi hukosea kwa gamba la konokono lenye miguu ya kucha: huyo ni kaa aliyehamia. Jongoo wa bahari naye ni laini, lakini ukoo wake ni wa kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, si wa moluska.

Konokono mwenye umbo la koni, ambaye mdomo wa gamba lake ni mrefu mwembamba, usimshike wala usimtie mfukoni. Ana jino kama chusa linalopenya nguo, na kumshika upande mnene hakusaidii, kwani mrija wenye jino hilo hupinda. Sumu yake imeshaua watu na haina dawa ya kuizima. Aliyechomwa alazwe, asitembee, abebwe hospitali mara moja huku pumzi yake ikiangaliwa, maana misuli ya kupumulia inaweza kupooza.