Kupiga besi ukiwa na kazi nyingine ya mchana

Mchana nashona. Nina banda langu hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu, vyerehani viwili, na sare za shule ndizo zinazonilisha. Jumamosi usiku napiga gitaa la besi kwenye bendi yetu ya harusi na sendofu, na Jumapili napiga kanisani. Huu ni mwaka wa 9. Wateja wanaokuja kupimwa nguo huliona gitaa limetundikwa ukutani, na kila mwezi hakosi mmoja wa kuniuliza aanzie wapi. Ninayowajibu ndiyo haya, na yanamhusu mtu mwenye saa moja tu ya nafasi kwa siku.

Nunua gitaa la nyuzi 4. La nyuzi 5 ni zuri, lakini mwaka wako wa kwanza utautumia kuuzuia ule uzi wa tano usilie bila kuguswa. Langu nilinunua la mtumba Kariakoo kwa shilingi 380,000, na dukani nilikwenda na futi yangu ya kupimia nguo. Besi ya kawaida, ukipima uzi kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja, kile chuma cha chini kinachoshika nyuzi, ni kama sentimita 86. Zipo fupi za sentimita 76, na kwa mwenye mikono mifupi kama mimi hizo ni neema. Muuzaji alitaka kunionyesha rangi. Mimi nililiinua gitaa nikaitazama shingo kwa jicho moja kutoka kichwani, kama unavyokagua rula. Kisha nikapiga kila uzi kwenye kila freti, vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo, polepole, nikisikiliza panapokwaruza, nikazungusha vitufe vya sauti nione kama vinakoroma. Usione haya kukaa nusu saa dukani. Ni pesa yako.

Kama gitaa lina betri ya volti 9 ndani, jua kwamba ukiacha waya wa kwenda kwenye amplifaya umechomekwa, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi. Chomoa waya kila unapomaliza.

Waya ndio watu wanaudharau, na waya ndio huwaaibisha jukwaani. Nunua miwili mizuri kabla ya kununua kitu kingine chochote. Mfuko wa gitaa nilishona mwenyewe: turubai nje, sponji ya godoro katikati, flana ndani. Mvua za Uluguru hazitoi taarifa, na maji yakishaingia kwenye pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, utatafuta fundi hadi Dar.

Usichomeke besi kwenye sabufa ya nyumbani. Najua kila sebule inayo na inashawishi. Mimi nilifanya hivyo wiki ya kwanza: sauti ilitoka hafifu, nikaongeza, nikaongeza tena, na koni ya spika ikapasuka. Sabufa imetengenezwa kwa muziki ambao umeshasawazishwa. Uzi ukigongwa ghafla hutoa mshindo ambao koni ile haiwezi kuuhimili. Tafuta amplifaya ndogo ya besi ya wati 15 au 20, na iwe yenye tundu la hedifoni ili majirani walale.

Sasa kujifunza. Uzi mnene kabisa, E, unatetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya simu haina uwezo wa kuutoa mtetemo huo. Ndiyo maana mtu husikiliza wimbo kwenye simu siku nzima akasema haisikii besi. Vaa hedifoni. Na kabla hujagusa gitaa, iimbe ile besi kwa mdomo mpaka iingie. Usichoweza kukiimba, vidole vitakibahatisha tu.

Mlango wangu mimi ulikuwa kwaya. Kama umeimba kwaya na unasoma solfa, tayari unayo hazina mkononi: chukua karatasi ya wimbo mnaoujua, angalia mstari wa chini kabisa, ule wa sauti ya nne, uupige kama ulivyoandikwa. Utagundua besi inakaa sana kwenye do, fa na sol. Nyimbo nyingi sana za kanisani na za dansi zimesimama juu ya hizo tatu, na mwanamuziki akikuambia "moja, nne, tano" anamaanisha hizohizo. Zijue do ikiwa kwenye noti ya G, ya A, ya C na ya D, bila kutazama shingo. Mwimbaji akiamka na mafua atashusha sauti, na wewe utahama naye papo hapo.

Kwa mkono wa kulia, badilisha kidole cha shahada na cha kati, kimoja baada ya kingine, bila kurudia. Kwa mkono wa kushoto, karibu na kichwa cha gitaa ambako freti zina nafasi pana, usijilazimishe kutandaza vidole vinne kwenye freti nne. Tumia cha kwanza, cha pili na kidole kidogo ndani ya freti tatu, cha pete kikisaidia kubana. Kiganja kikiuma, pumzika.

Mwendo nilijifunzia kwenye cherehani cha miguu. Mtu anayeshona mshono mrefu hawezi kuongeza kasi kwa sababu amefurahi, kitambaa kitajikunja. Kama huna cherehani, pakua programu ya mapigo kwenye simu, iweke kwenye 60, upige noti moja kwa kila pigo kwa dakika 10. Utashangaa 60 ilivyo ngumu kuliko 120, kwa sababu nafasi kati ya pigo na pigo ni pana na mkono unataka kuijaza.

Hiyo nafasi ndiyo besi yenyewe. Mji huu ni wa Morogoro Jazz na wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na wazee kwenye harusi bado huomba nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, kwa hiyo nimezisikiliza sana. Wakati wa mashairi besi inasema neno, inanyamaza, inamwacha mwimbaji apite. Likija chemko, ile sehemu ya kucheza, magitaa yanapanda, watu wanainuka kwenye viti, na mpiga besi anashika kifungu kifupi anakirudia. Anakirudia dakika tano, sita, bila kukipamba. Mgeni wa besi hapo ndipo anaposhindwa: anachoka na kifungu chake kabla wachezaji hawajachoka, anaanza kuonyesha vidole, na uwanja unapoa. Mimi pia nilipoa nao mara nyingi kabla ya kuelewa.

Kwa hiyo kuanzia mwezi wa tatu tafuta mpiga dramu, hata anayejifunza kama wewe. Fanyeni mazoezi wawili tu. Sikiliza ngoma yake ya mguu na uangushe noti yako papo hapo inapogonga, si kabla wala baada. Mimi na wa kwetu tulitumia Jumatano za miezi minne namna hiyo, nyuma ya kanisa, na sijawahi kupata mafunzo bora kuliko hayo.

Gitaa nalo linahitaji kukaguliwa. Ndani ya shingo kuna chuma cha kuinyoosha. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie mwanya uliobaki kwenye freti ya 7 au 8. Ukienea kadi nyembamba ya karatasi, acha. Ukizidi hapo, kaza hicho chuma robo mzunguko, liache gitaa lilale, kesho upime tena. Usipite robo kwa siku. Nyuzi mpya ni ghali, na mimi huagizia Dar zije na basi. Zilizochoka nazichemsha dakika 10, nazikausha kabisa, na sauti inarudi kwa wiki kadhaa.

Siku ya shoo, fika kabla ya wageni. Ukumbini wengi huniuliza maiki yangu iko wapi, wakidhani ni mwimbaji. Najibu, "Mimi ndiye besi," nachomeka waya. Simama karibu na dramu, upande wa ngoma ya mguu. Kisha jambo ambalo halina mjadala: chukua testa, gusa nyuzi za gitaa, gusa na maiki iliyo mbele yako. Taa ikiwaka, usipige mpaka fundi mitambo arekebishe ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, kwa maana umeme huo utakupitia mdomoni na mikononi. Umeme ukikatika, zima amplifaya kabla jenereta halijawashwa.

Kwenye harusi wimbo hauna urefu wake. Maharusi wakiingia, utapiga mpaka wafike meza kuu, na wanaweza kufika kwa dakika 3 au 12. Mshereheshaji atakata katikati, shangazi wa bwana harusi atataka irudiwe. Macho yako yawe kwa kiongozi wa bendi, si kwenye freti.

Kuhusu malipo, semeni mapema: kiasi gani, saa ngapi mnamaliza, nani analipa usafiri wa kurudi, chakula kipo au hakipo. Niliwahi kupiga mpaka saa nane usiku, aliyetuita akawa hapatikani kwenye simu kwa mwezi mzima. Tangu hapo nusu inaingia kwenye simu kabla sijafunga mfuko wa gitaa, na nikiwa na watu ninaowaheshimu sana nasema hivyohivyo, kwa adabu.

Nikirudi nyumbani, hata usiku ukiwa umekwenda sana, nafuta nyuzi kwa kipande cha flana, maana jasho la ukumbini huzila. Halafu nafungua daftari na kuandika nyimbo tulizoombwa tukashindwa kuzipiga. Jumamosi iliyopita zilikuwa tatu. Jumatatu nikishafunga banda navaa hedifoni, naanza na ya kwanza.