Gemu Inakutupa Nje? Tafuta Kwanza Mtandao Unakatikia Wapi

Nafunga na kutengeneza intaneti za majumbani Dar es Salaam, na siku hizi simu nyingi ninazopigiwa usiku ni za wacheza gemu. Malalamiko ni yaleyale: mechi imefika dakika ya 80, skrini inaganda, kisha unatupwa nje na pointi zinakatwa. Wengi huwa wameshapandisha kifurushi kabla ya kunipigia, na bado wanatupwa. Inaniuma, kwa sababu hela hiyo ingebaki mfukoni. Gemu ikishaanza hutumia data kidogo sana, mara nyingi haifiki hata megabiti moja kwa sekunde. Inachotaka ni njia isiyokatika. Kwa hiyo tunatafuta njia inakatikia wapi: ndani ya nyumba, kati ya nyumba na mtoa huduma, au mbali zaidi.

Andaa laptopu, waya wa mtandao unaofika kwenye ruta, na jioni moja.

Hatua ya 1: Andika saa

Kabla hujagusa kitu, kwa siku mbili tatu andika saa uliyotupwa na kilichokuwa kikiendelea nyumbani: "saa mbili na robo, dada anaangalia tamthilia", "saa nne, umeme ulipepesa." Daftari hilo litakufaa baadaye. Ukitupwa, chukua simu iliyo kwenye waifai ileile ufungue tovuti ambayo hujaifungua leo. Ikifunguka bila shida, na wenzako wa mikoa mingine nao wametupwa, basi seva za gemu ndizo zimeanguka. Hapo huna la kufanya nyumbani.

Hatua ya 2: Pingi mbili kwa wakati mmoja

Hatua hii naitegemea kuliko zote. Pingi ni ujumbe mdogo unaotumwa kwa kifaa kingine, kisha unapimwa kama jibu linarudi na kwa muda gani. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ipconfig, kisha tafuta mstari wa Default Gateway. Namba iliyo mbele yake, kwa mfano 192.168.1.1 au 192.168.100.1, ndiyo anwani ya ruta yako. Fungua madirisha mawili. La kwanza andika:

ping 192.168.1.1 -t

La pili:

ping 8.8.8.8 -t

Ya kwanza inaipima ruta yako, ya pili inaipima seva ya Google iliyo nje. Yaache yakimbie huku unacheza. Kama unatumia PlayStation au Xbox, weka laptopu palepale ilipo, kwenye waifai ileile. Ukitupwa tu, soma:

Madirisha yote mawili yameandika Request timed out? Tatizo liko kati ya kifaa chako na ruta, nenda hatua ya 3. Ruta inajibu lakini 8.8.8.8 kimya? Hatua ya 4. Zote zinajibu, ila ya pili imeruka kutoka makumi ya milisekunde hadi mamia? Hatua ya 5. Zote ziko sawa na bado umetupwa? Hatua ya 6.

Mwishoni bonyeza Ctrl na C, utaona zimetumwa ngapi na zimepotea ngapi. Hata moja au mbili katika mia usizidharau. Kwenye tovuti hutaziona, kwenye gemu utaziona.

Hatua ya 3: Ndani ya nyumba

Chomeka waya, cheza usiku mzima. Usipotupwa, mkosaji ni waifai. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na kwenye nyumba za kupanga ruta kibao zinazigombania. Maikrowevu nayo ikiwashwa inavuruga hapohapo. Hamia 5 GHz, lakini ujue masafa hayo hayapendi kuta za tofali, kwa hiyo sogeza ruta au vuta waya kabisa. Mimi kwa mcheza gemu huwa navuta waya.

Na waya nao si wa kuaminiwa macho yakiwa yamefumbwa. Mama mmoja wa Kigamboni aliniita akisema, "Fundi, huyu mwanangu anapiga kelele usiku mpaka majirani wanatugongea." Kijana akanipa shikamoo, akaniambia ameshahamia kwenye waya na bado anatupwa. Alikuwa mkweli: pingi ya ruta ilikuwa inapotea nne au tano mfululizo, inarudi, inapotea tena. Nilichomoa waya nikaumulika kichwa chake kwa tochi ya simu. Kati ya pini nane, mbili zilikuwa na kutu ya kijani. Nyumba iko karibu na bahari, ruta imewekwa chini ya dirisha lisilofungwa, na hewa ya chumvi imekula vile vichwa vya bei rahisi. Nilikata ncha, nikabana kichwa kipya kwa koleo, nikasafisha na tundu la ruta. Tuliacha pingi ikimbie nusu saa nzima, haikupotea hata moja. Kwa hiyo ukikaa pwani, anza na tochi.

Hatua ya 4: Kati ya nyumba na mtoa huduma

Kwa wenye faiba, tazama taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa. Fuata ule waya mwembamba kutoka ukutani: umebanwa nyuma ya sofa? Umekunjwa kwa msumari? Mzunguko wake usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Usiuchomoe ukachungulia ncha, kwani mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyaumiza. Baadhi ya vifaa vinaonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa kwenye ukurasa wa mipangilio. Kwa faiba nyingi za majumbani inatakiwa iwe kati ya -8 na -27 dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mwanga. Ikishuka chini ya -25, mfano -26, mimi naanza kumtafuta mtoa huduma.

Taa zote zikizima na kuwaka upya, ruta inajizima yenyewe. Kwenye ukurasa wake tafuta muda iliokaa hewani. Ikisema dakika 20 na hujaigusa tangu jana, badilisha adapta: volti zilezile, ampea zisizopungua. Penye umeme wa kupepesa weka betri ndogo ya ruta.

Hatua ya 5: Foleni ya nyumbani

Pingi ikipanda bila kupotea, kuna mtu anajaza njia. Mara nyingi ni simu inayopandisha picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni ikishachomekwa chaji usiku. Kama ruta yako ina QoS au SQM, yaani mipangilio ya kupanga foleni ya data, weka kikomo cha kupandisha na kushusha kiasi cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima. Kasi inapungua kidogo, foleni inaisha.

Hatua ya 6: Njia ya mbali

Kipimo cha mtandao cha PlayStation kikikuandikia NAT Type 3, yaani ruta inabana miunganisho ya gemu kutoka nje, washa kwenye ruta UPnP, inayoiruhusu gemu kujifungulia milango (njia za kuingilia data), na kama una ruta mbili zilizofuatana, ya pili iweke iwe daraja (bridge) tu, ipitishe data bila kufanya kazi ya ruta. Kisha angalia kwenye ukurasa wa ruta anwani ya WAN, yaani ile ruta inayopewa na mtoa huduma. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani moja na wateja wengine, na kufungua milango kwenye ruta hakutasaidia. Mwombe mtoa huduma anwani ya umma, isiyoshirikiwa.

Umbali nao haudanganyiki. Mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo Ulaya, kilomita 7,000 hivi, inakugharimu angalau milisekunde 70 kwenda na kurudi, na nyaya hazinyooki. Gemu ikikuruhusu kuchagua, pima Afrika Kusini na Ulaya, uchukue iliyo chini. Na kuna siku kosa liko baharini: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku ile wateja walikuwa wanazima na kuwasha ruta bure.

Hatua ya 7: Kupiga simu kwa mtoa huduma

Kwenye Command Prompt endesha tracert 8.8.8.8, inayoorodhesha vifaa ambavyo data inapitia njiani, ukaipige picha. Nyota katikati zisikutishe kama mistari inayofuata inajibu. Vifaa vingi vya njiani havijibu pingi makusudi. Usiseme "intaneti mbovu." Sema: "Kwa waya, ruta haijapoteza hata moja, 8.8.8.8 imepoteza 43 kati ya 3,600, siku tatu mfululizo, kati ya saa mbili na saa nne usiku." Fundi akija, mkaribishe pingi ikiwa tayari inakimbia kwenye skrini, na usisaini fomu yake mpaka mwangalie pamoja dakika kumi na tano baada ya kumaliza kazi.