Kutembea msitu wa Kakamega na kando ya mito yetu: anza na saa, viatu baadaye

Watu wakipanga kuja kutembea msituni huku magharibi mwa Kenya swali la kwanza huwa ni viatu gani na kiingilio pesa ngapi, na mimi huwajibu na swali, mnatoka nyumbani saa ngapi? Kwa sababu hapa kwetu mvua ina ratiba yake. Asubuhi jua safi kabisa, ikifika saa sita bado unashangaa nani alisema kunanyesha, halafu saa nane hivi unaona wingu jeusi limejisimamisha upande wa Nandi na kabla ujipange ngurumo ishaanza. Si uchawi. Mchana nchi kavu inashika joto haraka kuliko Ziwa Victoria, kwa hivyo upepo wa ziwani unapanda bara ukiwa umebeba unyevu, huko juu kwenye milima ya Nandi unakutana na upepo unaotoka mashariki, hewa inakosa pa kwenda inapanda juu, mawingu yanajijenga, na jioni yanateremka yakirudi ziwani yakipitia vichwani mwetu. Hiyo ndiyo maana radi huku ni nyingi hivi, na ndiyo maana mtu anayeingia msituni saa saba mchana anaingia na mvua mkononi.

Basi panga hivi: saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umeshafika getini ama karibu, na saa saba uwe unatoka. Hiyo saa ya asubuhi pia ndiyo ndege wanaimba na kima wako chini chini wakila, saa sita wote wananyamaza na unabaki kuangalia majani. Miezi mizuri ni Desemba mpaka Februari, njia zimekauka. Aprili na Mei ni matope tupu, ingawa msitu wenyewe ndio unapendeza zaidi, yaani ukiwa na gambuti na huna haraka njoo tu. Lakini usijidanganye ati kuna mwezi wa ukame kabisa, pale hunyesha kama milimita 2000 kwa mwaka, koti la mvua liwe kwa begi hata Januari.

Sasa, msitu wa Kakamega una pande mbili na watu huzichanganya. Upande wa kaskazini ni Buyangu, hiyo ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Upande wa kusini ni Isecheno, karibu na Shinyalu, huko ni KFS, shirika la misitu. Ni msitu mmoja lakini geti tofauti na malipo tofauti, ukilipia upande mmoja usitarajie kuonyesha risiti upande wa pili. Malipo siku hizi ni kwa simu kupitia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kwa hivyo fungua akaunti na ulipe ukiwa bado mjini kwenye netiwaki, si pale getini ukizunguka na simu juu kama mtu anatafuta mawimbi ya redio.

Kufika ni rahisi. Ukitoka Kisumu panda matatu ya Kakamega, inapitia Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali mpaka Khayega. Kama unaenda Isecheno shuka Khayega uchukue boda ya kupitia Shinyalu, na mpatane bei kabla hujapanda. Kama ni Buyangu, endelea mpaka Kakamega mjini, hapo panda gari ya Webuye na umwambie konda akushushe Buyangu, kutoka barabara kubwa ni mwendo mfupi tu wa mguu mpaka getini.

Nani aende wapi? Kama ni mara yako ya kwanza na una watoto ama mzee ambaye magoti yanalalamika, nenda Isecheno, njia za pale ni tambarare kiasi na miti ni mikubwa mno, na mbega utawaona bila kutafuta sana. Ukipata nguvu panda Lirhanda, ni kilima kifupi lakini juu unaona msitu wote umelala hapo chini, na ubavuni kuna shimo la zamani walilochimba enzi za dhahabu ya Kakamega miaka ya 1930, sai limejaa popo. Buyangu ni ya wale wanataka utulivu. Kuna njia ya kwenda maporomoko ya Isiukhu na kuna ya kupanda kilima cha Buyangu chenyewe, na kama unataka kuona karasinga, yule kima mwenye ndevu nyeupe, uliza pale habari ya kuenda Kisere, ni kipande kidogo cha msitu kiko peke yake kaskazini zaidi.

Mwongozaji chukua. Najua kuna wale wanasema wamedaunilodi ramani na hawahitaji mtu, lakini ndani ya msitu kila njia inafanana na mwenzake, netiwaki inakata, na njia zingine ni za wachota kuni ama za ng'ombe, zinakupeleka mita mia mbili halafu zinaishia kwa kichaka. Lakini hata usipopotea, bila mwongozaji utatembea masaa matatu na utarudi umeona miti. Wale vijana wa pale wanajua ndege kwa sauti, wanajua ni mti gani una matunda wiki hii kwa hivyo kima watakuwa wapi, na watakuonyesha mukombero ukimea (ule mzizi huuzwa stej, usijaribu kuung'oa mwenyewe, ni msitu unalindwa). Mwambie mapema unapenda nini. Ukimwambia unataka ndege atakutembeza polepole, ukinyamaza atadhani unataka kumaliza njia na atakukimbiza.

Na nyamaza kweli. Hondohondo wa huku ni mkubwa na utasikia mabawa yake kabla umuone, whuu whuu juu ya miti, sasa kama kikundi chenu kinacheza muziki kwa spika mtapitwa na kila kitu. Spika acheni kwa gari.

Mavazi, haraka haraka. Suruali ndefu, si kaptula. Soksi ndefu ambazo unaweza kuingizia suruali ndani. Viatu vyenye meno chini, raba nyeupe za kupigia picha zitakuaibisha kwa udongo ule ukishalowa. Gambuti ni nzuri kwa matope lakini mbaya kwa kupanda kilima, zinakata nyuma ya kisigino. Shati la mikono mirefu juu ya mbu na upupu. Maji beba kwa chupa yako ya kujaza tena, zile chupa za plastiki za kutumia mara moja hazikubaliwi kwenye mbuga na misitu inayolindwa tangu Juni 2020, na askari wa geti anaweza kukurudisha nazo. Chakula kiwe kwa begi limefungwa zipu, ndizi mkononi ni mwaliko kwa nyani, na ukimpa mmoja leo kesho anamnyang'anya mtoto wa mtu.

Hizo soksi nimesema kwa sababu ya siafu. Ukitembea angalia chini mbele yako kila hatua chache, hasa baada ya mvua. Utaona kitu kama kamba nyeusi inavuka njia, ukiinama inasonga, katikati wadogo wanakimbia na pembeni wale wakubwa wa vichwa vyekundu wamesimama taya wazi wakilinda barabara yao. Usiruke ukatua karibu, kwa sababu pembeni kuna wengine wametawanyika huwaoni, chukua hatua ndefu kabisa ama zunguka mbali. Wakikupata usisimame hapo kupangusa, kimbia kwanza mita kadhaa utoke kwa eneo lao, kisha vua na uwachomoe mmoja mmoja, kupangusa hakusaidii, mwili unatoka na kichwa kinabaki kimeng'ang'ania. Aibu ya kuvua suruali mbele ya shemeji itaisha, siafu hawatakungoja.

Nyoka wapo, kifutu yupo, na yule shida yake ni kwamba hakimbii, analala kwa majani makavu na rangi yake ni majani makavu. Kwa hivyo usikanyage mahali huoni, usikalie gogo kabla ya kuliangalia upande wa pili, na mkono usiingize kwa shimo. Mtu akiumwa usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mlaze, mguu usisogee, mvue pete na kiatu kabla havijafura, na apelekwe hospitali kubwa haraka, si kwa duka la dawa.

Sasa mito, hapa ndipo naomba msome polepole. Mto Yala unapita kusini mwa msitu na Isiukhu kaskazini, na yote inatoka upande wa Nandi. Unakumbuka ile mvua nilisema inaanzia wapi? Basi unaweza kuwa umekaa kwa jiwe jua linawaka, hakuna hata tone, na mto unajaa kwa sababu kulinyesha juu kule masaa mawili yaliyopita. Dalili ni maji kubadilika rangi kuwa ya chai ya maziwa, halafu unaanza kuona majani na vijiti vinaelea, halafu sauti inabadilika. Mimi nikikaa kando ya mto kula huwa nachomeka kijiti pale maji yanapoishia. Nikimaliza kula na kijiti kiko ndani ya maji, naondoka, hakuna majadiliano. Na kama mlivuka mahali penye mawe asubuhi, rudini mapema, mto uliokufika kifundo cha mguu saa tatu unaweza kukufika kiunoni saa kumi.

Kuvuka kwenyewe, kama ni lazima: maji yakipita goti na yanakimbia, usivuke. Yakiwa chini ya goti tafuta mahali mto umepanuka, pale pembamba ndipo pana kina. Okota fimbo, itangulize upande maji yanatoka, legeza mkanda wa begi ndio ukianguka uweze kulitoa, na usivue viatu, mawe ya chini yana ute.

Ukitoka nje ya msitu ufuate mto mashambani, hiyo nayo ni matembezi matamu na haina kiingilio, lakini ina wenyewe. Sheria inataka kando ya mto pabaki mita 6 hadi 30 bila kulimwa, ila ukienda utakuta nduma, napia na mikalitusi mpaka kwenye ukingo, na njia ya miguu imepindishwa ikapita katikati ya boma la mtu. Hapo unasalimia. Ukiwa upande wa Waluhya wa Isukha ama Idakho "mulembe kukhu" kwa nyanya anayepalilia itakufungulia njia kuliko kusema uko na haki ya kupita, ukiwa upande wa Wajaluo asubuhi ni "oyawore". Useme unatoka wapi na unaenda wapi, na mara nyingi mtoto ataambiwa akupeleke mpaka kwa daraja. Picha za watu uliza kwanza, hasa mahali kina mama wanafua na wanaoga.

Walio Kisumu na hawana siku nzima waende Dunga, kando ya Ziwa Victoria, pale kuna njia ya mbao imepita ndani ya mafunjo, mwendo mfupi, na kuna ndege wanaoishi kwa mafunjo tu huwezi kuwaona kwingine. Nenda alfajiri. Jioni viboko wanatoka majini kula nyasi na kiboko hatari zaidi ni yule wewe umesimama kati yake na maji, ukimuona pembeni ondoka kwa upande, usimkatie njia ya kurudi. Na usiingize miguu kwa yale maji yaliyotulia ya ukingoni, kichocho kinapitia ngozi kutoka kwa vijidudu vya konokono, huhitaji hata kuyanywa.

Wa Nakuru nao wana Menengai, msitu uko ubavuni na ukingo wa kreta pale juu kabisa uko mita 2,278 kutoka usawa wa bahari, ila huko shida yako ni kinyume, hakuna mto wala kisima, beba maji mara mbili ya vile ulifikiria, na usishuke ndani bila mwenyeji kwa sababu mawe ya lava yanabomoka chini ya mguu na ni karibu mita 500 kushuka. Ukitaka maji fuata mto Njoro, unatoka msitu wa Mau unapita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton mpaka Ziwa Nakuru, lakini ishia kabla ya ua wa mbuga, ndani huruhusiwi kutembea kwa mguu.

Ukirudi nyumbani jikague kupe nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni, kabla ya kuoga. Viatu usivianike juani ama karibu na jiko, soli itabanduka, jaza magazeti ndani na uyabadilishe asubuhi. Na ukipata homa wiki moja ama mbili baadaye, usiseme ni uchovu wa kutembea, nenda upimwe malaria na umwambie daktari ulikuwa huku.