Roboti wa Metropolis: kutengeneza vazi lake kwa EVA

Filamu ya Metropolis ilioneshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1927. Vazi la roboti lililovaliwa na mwigizaji Brigitte Helm lilichongwa na Walter Schulze-Mittendorff kwa rojo la mbao linalokauka likawa gumu, kisha likapuliziwa rangi ya fedha. Kwa hiyo hata lile la asili halikuwa chuma. Lako litoke kwenye shiti za EVA, zile za soli za kandambili, ambazo utazipata kwa wauza vifaa vya viatu Kariokor, Nairobi: milimita 5 kwa kichwa, kifua na mapaja, milimita 2 kwa mikanda ya urembo. Gundi ya viatu inunue hapo hapo.

1. Patani. Vaa fulana kuukuu, mwenzako akuzungushie nailoni ya kufungia chakula, halafu selotepu pana tabaka mbili. Jaza hewa kifuani anapofunga, la sivyo vazi litakubana pumzi. Chora mistari ya kuunga, kisha akate mgongoni. Unapohamishia patani kwenye shiti, kumbuka unene wa milimita 5 unakula karibu sentimita 1.6 za mzingo. Ongeza sentimita 3.

2. Kukata. Kisu kikali, wima. Kikianza kuvuta, badilisha wembe.

3. Joto. Pitisha hewa moto pande zote mbili mpaka uso ung'ae kidogo. Kandamiza juu ya sufuria yenye mviringo unaolingana, ushikilie hadi ipoe. Ukiachia mapema, inarudi bapa. Ikitoa malengelenge imeungua, kata kipande kingine.

4. Kuunga. Hapa ndipo vazi hufa au hupona. Paka gundi nyembamba kingo zote mbili, usubiri kama dakika 10, uguse: ikinata kidoleni, bado. Ukiunga mbichi, kiyeyushi kinabaki ndani na kiungo kinafunguka baadaye. Mvua za Aprili zikianza, subiri zaidi. Kingo zikishagusana hazisogezwi tena, basi anza na ncha mbili, kisha katikati, kisha palipobaki. Fungua madirisha, mvuke wa gundi hii ni sumu.

5. Kuziba. Mistari ijaze kwa akriliki ya nyufa. Silikoni hukataa rangi, na bodifila ya magari hupasuka mara tu EVA inapojikunja. Kisha gundi nyeupe ya mbao, mara nne au tano, kila tabaka likauke kwanza. Viwiko na magoti usiyapake: tumia kitambaa cheusi kinachovutika, hata suruali ya kubana ya mtumba kutoka Gikomba inatosha.

6. Rangi. Fedha huanika kila kosa. Kabla ya kupuliza, mulika tochi ya simu kwa pembeni. Alama za brashi zitajitokeza kama matuta. Zisugue kwa msasa laini. Anza na nyeusi ya kung'aa, iache siku nzima, ndipo fedha kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30, tabaka jepesi baada ya jepesi. Vanishi juu yake usipake kamwe, mng'ao hugeuka kijivu.

7. Kuvaa. Kichwa, kifua, kiuno na miguu viwe vipande mbalimbali, vikishikwa kwa lastiki na vifungo vya mikanda. Toboa matundu ya hewa nyuma ya kichwa, chini ya ukingo, yasionekane kwa mbele. Na usiliache vazi kwenye gari lililoegeshwa juani: gundi hulegea, na kifua ndicho hufunguka kwanza.