Namna ya Kupima Pengo la Kipato na Afya Mtaani Mwako, Mombasa

Anayetaka kujua jinsi tofauti ya kipato inavyodhuru afya ya watu wa Mombasa asianzie hospitalini, kwa maana mgonjwa anapofika huko madhara yameshatokea. Aanzie kwenye maji. Chagua mitaa miwili inayopakana lakini yenye hali tofauti, kama Nyali ya wenye uwezo na Kongowea ya wenye kipato kidogo, kisha utembelee nyumba kumi kila upande ukifuatana na mhamasishaji wa afya ya jamii anayefahamika na wenyeji, ili usitiliwe shaka. Majina ya watu usiyaandike.

Usimuulize mtu mshahara wake moja kwa moja, kwani ni kumvunjia heshima. Muulize kibarua chake hulipa kiasi gani kwa siku, na wiki iliyopita alikipata siku ngapi. Kisha uliza bei ya mtungi wa lita 20 na idadi ya mitungi inayotumika kwa siku. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50. Mtungi ukiuzwa shilingi 20, anayenunua maji ya mkokoteni amelipa shilingi 1,000 kwa maji ambayo mwenye bomba nyumbani huyalipia sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Andika gharama ya maji kama asilimia ya kipato cha siku, kila upande kivyake.

Angalia kwa macho pia. Mama aliyenunua mitungi mitatu hutenga mmoja wa kunywa na kupikia, na maji aliyooshea mboga huyabakisha kwenye beseni ili watoto wanawie mikono watokapo chooni. Faida ya sabuni anaijua vizuri. Alichokosa ni mtungi wa nne. Wengine hujazia kwa maji ya kisima, na ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe wenye vitundu, unaopitisha uchafu wa vyoo vya shimo hadi kisimani. Kuhara na kipindupindu huanzia hapo wala haviishii hapo, kwani anayepika katika nyumba ya tajiri jioni hurudi kulala mtaani kwake.

Uliza pia juu ya ugonjwa wa mwisho: ni siku ngapi zilipita kabla ya kwenda zahanati, na nani alilipa. Asiye na mshahara hutakiwa kulipia bima ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ya mwaka mzima, isiyopungua shilingi 3,600. Uliza kama aliweza.

Upande wenye fedha, uliza nani angali akitegemea huduma ya umma. Kwangu hili ndilo swali zito kuliko yote, kwa sababu nyumba yenye kisima chake, tangi na bima ya hospitali ya kibinafsi haina haja ya kumsumbua mwakilishi wa wadi bomba likikauka, na hivyo wanaosikilizwa zaidi hunyamaza, huku wanaoumia wakibaki kudai peke yao.

Maliza kazi kabla ya Februari, kwa kuwa mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 ya mwezi huo, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Andika ukurasa mmoja: zile asilimia za mitaa yote miwili zikiwa sambamba, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinachotambua haki ya afya na ya maji safi, na ombi moja mahususi, kwa mfano kioski cha maji katika eneo unalolitaja. Usome katika kikao cha wananchi cha kujadili bajeti, kisha ukabidhi nakala na kuhakikisha ya kwako imegongwa muhuri wa kupokelewa.