Beetle 1300 au Peugeot 404: zipime hivi kabla hujachagua ya kutunza

Volkswagen Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1962, Peugeot 404 ikashinda 1963, na ubishi wa ipi ngumu haujaisha. Hapa tunalinganisha Beetle 1300 ya 1966 na 404 ya kabureta.

1. Mwendo. Beetle ina sisi (cc, ujazo wa injini) 1285 na nguvu za farasi 40; ikifika kilomita 120 kwa saa imemaliza. 404 ina sisi 1618 na inapita 140. Hapa hakuna mashindano, tuendelee.

2. Oili. Beetle inakunywa lita 2.5 tu, na haina filta ya kutupa, ina chujio la waya. Mwaga kila kilomita 5,000, osha chujio, weka gaskiti mpya. Nati sita za kifuniko zikaze kidogo tu, ukilazimisha stadi (vyuma vyenye nyuzi vinavyoshika nati) zinang'oka. 404 inachukua lita 4.

3. Valvu. Hapa ndipo Beetle nyingi hufia. Acha injini ilale usiku kucha, ipoe kabisa. Weka pistoni ya silinda namba 1 juu kabisa, rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa) ikitazama alama kwenye ukingo wa distributa. Pima nafasi ya valvu kwa fila (kipimo cha vibati vyembamba): milimita 0.15, za kuingiza na za kutolea moshi. Zungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa, fanya namba 2, kisha nusu tena kwa 3, na nusu tena kwa 4.

Namba 3, kushoto upande wa mbele, hupata hewa iliyokwishapashwa moto na kipoza oili. Ukikuta nafasi ya valvu yake ya kutolea moshi imebana kila unapopima, usifurahie kurekebisha tu: shina linavutika, na siku likikatika kichwa cha valvu kitatoboa pistoni. Fungua hedi (kifuniko cha silinda chenye valvu) mapema.

404 inataka 0.10 kuingiza na 0.25 kutolea moshi, injini ikiwa baridi. Haina visa hivyo.

4. Feni beliti ya Beetle. Bonyeza kwa kidole gumba, izame kama milimita 15. Inazungusha dinamo na feni inayopoza injini pamoja, kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka, simama papo hapo. Usijidanganye kufika gereji.

5. Maji ya 404. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Hedi ni ya aluminiamu, ikichemka inapinda. Na fundi akishaitoa, asizungushe injini kabla ya kuzibana silivu (mirija ambamo pistoni hucheza): zikiinuka kidogo tu, sili za chini hazishiki tena.

6. Difu ya 404, yaani gia za ekseli ya nyuma. Gia yake kubwa ni ya shaba nyeusi. Oili ya gia ya daraja la GL-5, ambayo wengi humimina bila kuuliza, inaila. Tafuta oili inayofaa gia za shaba. Fungua plagi ya kujazia, ingiza kidole, ukipake kwenye karatasi nyeupe. Ukiona vumbi linalometa kama dhahabu, gia inasagika: shusha bei au ondoka.