Penalti za bendi: vile unaeza fanya wanafunzi wapende prakitisi

Mwalimu, kama uko na bendi ya shule hapa Kisumu unajua vile saa kumi jioni inakuwanga, prakitisi ndio inaanza na huko fildi mpira umeshika moto, mtoto ameshika trumpeti lakini macho iko dirishani. Usishindane na mpira. Ulete ndani.

Gawa bendi timu mbili na uchanganye, kila upande upate shaba, klarineti na ngoma. Majina wachague wenyewe, juu ukisema hii ni Gor Mahia na hii ni Ingwe, yaani wapinzani wao AFC Leopards, hapa kwetu nani atakubali kuwa Ingwe? Alafu toa baa nne, yaani vipande vinne vifupi, kwa ile pisi mnafanya, zile zinawasumbua kila siku, weka metronomu ya simu, ile inagonga taimu, kwa biti 60 kwa dakika. Mpigaji anakuja mbele, anapiga mara moja tu. Noti zikiwa sawa na asipoteze taimu, hiyo ni goli. Akikosa moja, imegonga mwamba. Wa ngoma wanapiga ridhimu ya hizo baa.

Kwa mpira zinapigwa tano tano, na mkitoshana mnaendelea, lakini hakuna mtu anarudia kabla wenzake wote wapige, hata kipa. Hiyo sheria ishike sana. Mimi hata siishii tano, napeleka mpaka kila mtu apige, kwa sababu ukiishia tano watakutolea mastaa watano wale wale na huyo mgeni wa tromboni atakaa nyuma mwaka mzima bila kuguswa.

Na hapo ndio utamu uko. Kabla penalti zianze patia kila timu dakika mbili za kocha. Timu inajua goli la huyo mgeni linahesabika sawa na la staa, kwa hivyo staa mwenyewe atainuka aende amsaidie. Utamwona amemshikia slaidi, anamwonyesha noti ya G iko posisheni ya nne ya slaidi, imepita mdomo wa tromboni kidogo, alafu A urudi ya pili, tena, tena, polepole, na huyo mdogo anaitikia kwa kichwa. Hiyo kazi mwalimu huwezi maliza peke yako na watoto thelathini. Akifunga, kelele utakayosikia ni ya goli la ukweli.

Kama shule yenu ni ya raga, na huku Western ziko nyingi, tumia trai, ile goli ya raga: skeli ya Bi flati, noti zikipanda na kushuka kwa mpangilio, ikiangaliwa kwa karatasi ni pointi 5, akirudia bila karatasi ni konvasheni, ile teke ya nyongeza baada ya trai, 2 juu yake.

Kadi ya manjano weka, lakini kamwe usimpe mtu aliyekosa noti. Mpe yule anacheka mwenzake akikosa. Hii nimeishikilia sana, juu mtoto akiogopa kukosa atapuliza kidogo kidogo na sauti itakufa.

Dakika ishirini zinatosha, midomo ya wapiga shaba huchoka. Andika matokeo kwa manila, ubandike ukutani. Timu ikianza kuachwa mbali sana, changanya tena upya wiki inayofuata, usingoje wakate tamaa. Na wiki ya Music Festival weka penalti kando kabisa, mpige pisi yote pamoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho.